Kabla ya Kumhubiria Mtoto, Tuongee na Muuzaji

Kila mwaka ikikaribia tarehe 26 Juni, Siku ya Kimataifa ya Kupambana na Dawa za Kulevya, shule za jirani huletewa fulana, mabango na vipaza sauti. Wanafunzi huandamana kwa bendi, ngonjera ikaghaniwa, mgeni rasmi akahutubia, na watoto wakaitikia "hatutaki!" kwa sauti moja. Ikifika saa nane mchana maturubai yanakunjwa. Sina ugomvi na shughuli hiyo. Ninachouliza ni saa tisa kunatokea nini, watoto wale wale wanapopita mbele ya duka linalouza pombe kali kwa toti, hatua chache kutoka geti la shule, na mwenye duka hajawahi kualikwa kwenye sherehe hata siku moja.

Maoni yangu ni haya: jitihada zetu za kuwakinga vijana wadogo na pombe, bangi na unga zimewaelemea watoto, huku watu wazima tukijiachia. Tunamtaka mtoto wa miaka 14 awe na msimamo ambao mangi wa dukani, mwenye baa, baba mwenye nyumba na anayetoa kibali cha kigodoro, yaani ngoma ya mtaani ya usiku, hawana. Mzigo huo ni mzito mno kwake.

Mahubiri yenyewe yamekwisha kupimwa, tena kwa fedha nyingi. Mwaka 1983 mjini Los Angeles ulianza mpango wa D.A.R.E., askari polisi wakaingia darasani kuwafundisha watoto kukataa dawa za kulevya. Ukaenea Marekani nzima na kuvuka mipaka. Wazazi waliupenda, walimu waliupenda, na watoto wenyewe waliwafurahia askari wale. Lakini miaka ya 1990 watafiti walipowalinganisha waliopitia mafunzo hayo na wasiopitia, hawakuona tofauti ya maana katika utumiaji. Mpango ukalazimika kubadilisha mtaala. Nauleta mfano huu kwa sababu sisi bado tunaandaa semina za namna ile ile, tena za siku moja, kisha tunahesabu waliohudhuria na kuandika ripoti.

Sasa tazama kilichofanyika kwetu Tanzania kwenye viroba. Anayekumbuka miaka ile anajua: pombe kali katika kifuko cha plastiki kinachotosha kwenye soksi, kwenye mfuko wa kaptula, katikati ya daftari. Vilitundikwa dukani pamoja na sabuni na biskuti, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wa hela ya kula shuleni. Makondakta walikunywa, bodaboda walikunywa, na wanafunzi wakajifunza. Februari 2017 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Machi hakuna kutengeneza, kuuza wala kutumia viroba. Uganda ilifuata njia hiyo mwaka 2019.

Je, ulevi uliisha? Hapana. Gongo ilikuwepo na ipo. Lakini marufuku ile iligusa kitu ambacho semina haikigusi, yaani bei na ukubwa wa kifungashio. Ili kulewa, mtoto sasa alihitaji hela ya chupa nzima, na chupa haifichiki kwenye soksi. Hakuna mwanafunzi aliyehutubiwa, na bado njia moja ya kuifikia pombe ilibanwa. Sera ya namna hiyo naiheshimu.

Kinachonisikitisha ni kwamba mitaani tumekirudisha kiroba kwa mlango wa nyuma. Chupa inafunguliwa chini ya kaunta, inamiminwa kwenye kikombe cha plastiki, toti moja moja, na hela ya andazi na chai inatosha tena. Hapo huhitaji Waziri Mkuu. Anayeweza kulimaliza jambo hilo ni jirani wa duka.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mwenye baa au klabu ya usiku kumruhusu mtoto kuingia, na inakataza kumuuzia mtoto pombe, sigara au kilevi kingine. Angalia inamwelekea nani: mwenye biashara, mtu mzima mwenye leseni. Lakini sheria hii haiji kusimama dukani saa mbili usiku. Anayesimama pale ni mimi na wewe, tumekuja kununua unga wa sembe, na tunaona.

Mtaani kwetu jambo hili lilifika kwenye mkutano wa wakazi, na lililozua mabishano kuliko yote lilikuwa la kutuma watoto. Mwenyekiti alipowaambia wenye maduka waache kuwauzia watoto pombe, mangi mmoja alisimama akauliza kwa adabu, "Sasa mwenyekiti, mtoto akija na hela akasema ametumwa na baba, mimi nitajuaje kama ni ya baba kweli?" Wanaume kadhaa waliinamisha vichwa. Ni kweli, nusu ya mtaa hutuma watoto bia. Mtoto wa darasa la tano anaijua aina anayokunywa baba, anajua bei yake, anajua chenji inayobaki, na ameshazoea kusimama kaunta. Akifika kidato cha pili akaja na hela yake mwenyewe, muuzaji ataona tofauti gani?

Basi likapitishwa kwa kunyoosha mikono: mtoto hatumwi kilevi, si bia, si sigara, si ugoro, na muuzaji akiletewa hela na mtoto amrudishe nyumbani bila kitu, na mzazi asije kumfokea mangi. Hilo la mwisho ndilo lililowaridhisha wenye maduka. Walichokuwa wanakiogopa ni kumpoteza mteja, na mteja mwenyewe alikuwa pale mkutanoni amenyoosha mkono. Haikuhitaji bajeti wala mfadhili. Wapo walioendelea kuuza, sidanganyi, hasa usiku. Ila sasa mama anayemwona mtoto kaunta ana la kusema mbele ya mangi, na anajua wengine watamuunga mkono. Mwanzo alionekana ana kiherehere.

Mfano wa nje unaotajwa sana ni wa Iceland. Mwaka 1998, asilimia 42 ya vijana wa huko wenye miaka 15 na 16 walisema wamelewa ndani ya mwezi uliopita. Mwaka 2016 walikuwa asilimia 5. Waliowahi kutumia bangi wakapungua kutoka asilimia 17 hadi 7. Waliwauliza vijana wenyewe kila mwaka wanaishije, wakagundua kwamba wanaolindwa zaidi ni wanaokaa na wazazi wao, wenye michezo au muziki wa kushiriki baada ya masomo, na wasiozurura usiku. Wakasimamia umri wa kununua, wakalipia klabu za watoto, na wazazi wa shule moja wakawekeana ahadi: wa kwangu hakai nje usiku na wa kwako pia. Najua Iceland ni nchi tajiri yenye watu wachache kuliko Kinondoni. Najua pia kwamba ulevi wa vijana ulipungua katika nchi nyingine za Ulaya miaka hiyo hiyo, kwa hiyo sifa zote si zao. Lakini ahadi ya wazazi haina gharama, na sisi tunaokutana kwenye vikoba, misibani na kwenye vikao vya harusi hatuwezi kusema tumekosa pa kukutania.

Saa za hatari kwetu zinajulikana. Ni kuanzia mtoto anapotoka shule hadi mzazi anaporudi kutoka kibaruani au sokoni, na Dar es Salaam mzazi anarudi saa mbili usiku kwa sababu ya foleni. Saa hizo zote mtoto yuko wapi? Viwanja vya wazi vingi vimejengwa fremu za maduka. Uwanja wa shule una geti na geti lina kufuli. Kilichobaki wazi ni kijiwe, kibanda umiza na mashine za kamari za dubwi. Madrasa na mazoezi ya kwaya yamekuwa yakishika watoto saa hizo tangu zamani, kabla mradi wowote haujaja na nembo yake, na sijui kwa nini masheikh na viongozi wa kwaya hawaitwi mezani kama wataalamu wa kinga. Kufungua uwanja wa shule hadi magharibi kunahitaji ruhusa ya mwalimu mkuu na wazazi wawili watatu wanaopokezana kusimamia.

Na mtoto aliyekwisha kuanza? Hapa naomba tupunguze ukali. Akikamatwa na msokoto shuleni, haraka yetu ni kumfukuza. Ukimfukuza, umemhamishia kijiweni kutwa nzima, kwa watu wale wale waliompa. Vivyo hivyo kwa misako ya ulinzi shirikishi, ambapo vijana waliokaa barazani wanachapwa bila kuulizwa jina. Kijana aliyepigwa na walinzi wa mtaa hatakuja kwa mwenyekiti kueleza nani anauza unga nyuma ya gereji. Tangu Februari 2011 Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikiwapa methadoni, dawa ya kuwasaidia kuacha, walionaswa na heroini, na Zanzibar zipo nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa na watu waliopita humo wenyewe. Tumekwisha kukubali kwamba mtu mzima wa aina hiyo ni mgonjwa anayestahili kutibiwa. Wa miaka 15 anastahili zaidi. Mzazi asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bila malipo, au kwenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata.

Kwa hiyo mkutano ujao wa mtaa wako, kabla ya taka na michango ya barabara, omba ajenda tatu ziandikwe kwenye muhtasari: toti na kutuma watoto, saa ya kuzima muziki wa kigodoro, na ufunguo wa uwanja wa shule. Waalikwe wenye maduka na wenye baa, wakae viti vya mbele, waulizwe nini kitawawezesha kukataa hela ya mtoto. Wengi wao ni wazazi, na watoto wao wanasoma shule hizo hizo.