Mita ikae bandani, sawa, lakini waya wa banda usibebeshwe nyumba

Kwetu huku Unguja nyumba inaanza na banda. Mtu kapata kiwanja Fuoni au Bumbwini, kabla hata ya msingi anasimamisha kibanda cha kuwekea saruji na kulala mlinzi, umeme anauomba palepale maana pampu ya kisima inautaka na fundi wa kuchomelea anautaka, basi mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, inapachikwa ukutani mwa banda. Miaka ikipita nyumba imeezekwa, watu wanahamia, umeme unatoka wapi? Bandani, kwa waya ule ule wa taa mbili na chaji ya simu, sasa unalisha friji, friza ya barafu za biashara, feni kila chumba na mwenye nacho anatia na AC.

Mie sina ugomvi na mita kukaa nje. Hata NEC, kanuni ya umeme ya Marekani, inakubali nyumba ilishwe kutoka jengo jengine. Ila kila jengo liwe na swichi yake ya kuzimia umeme wote, na waya uchaguliwe kwa mzigo wa nyumba. Huku fundi anakwambia "bosi huu unatosha", na wewe kwa kuwa umeshachoka na gharama unaitikia tu.

Tupige hesabu. Waya wa unene wa milimita 2.5 za mraba toka banda hadi nyumba, mita 40, ukivuta ampia 20 unapoteza volti 14 na ushei njiani, yaani hata ukipokea 230 kamili bandani, friji inapata 215 hivi, na jioni umeme wenyewe ukiwa mdogo mtaani ndo inashuka zaidi, kompresa inanguruma haiwaki, halafu lawama zote anabebeshwa shirika la umeme. Weka wa 10 kwa masafa hayo hayo, unapoteza volti 3 na nusu tu.

Lakini friji si roho ya mtu, kubwa zaidi ni arthi, yaani njia ya kuupeleka ardhini umeme uliovuja. Watu wanapiga nondo moja ya arthi chini bandani wanaona yamekwisha, au nyumbani fundi anaunganisha nyutro (waya wa kurudishia umeme) na arthi pamoja ili "iwe nguvu". Jamani! Ukifanya hivyo kwenye jengo la pili, siku nyutro ikikatika njiani bodi ya friji inakuwa laivu, ina umeme, na mtoto anakwenda kuchukua maji ya baridi miguu mitupu. NEC tangu toleo la 2008 inataka waya mpya wa kwenda jengo la pili uwe na arthi yake peke yake, mbali na nyutro, na jengo hilo lipigiwe nondo yake.

Sasa hiyo nondo ni futi 8, na ukiwa Makunduchi au Jambiani utapiga nyundo mpaka jasho likauke, jiwe tupu. Wenzetu wa NEC hilo wameliwaza: ukikutana na mwamba pigia mshazari hadi nyuzi 45, ikishindikana ilaze kwenye mtaro wa kina cha milimita 750. Na msiitegemee nondo peke yake. Ikiwa ukinzani wake ni omu 100, umeme ukivuja unapita ampia 2.3 tu, breka ya ampia 20 hata haishtuki, ndo maana RCD ya miliampia 30, swichi inayokata wenyewe umeme ukivuja, lazima iwepo. Anayekwambia ni anasa mwambie akaguse yeye.

Na zile waya za kupitishia juu, zimefungwa kwenye mwembe kwa tepu nyeusi, zinakwaruza ncha ya bati kila upepo wa kusi ukivuma na watu wanaanikia kanga humo humo… plastiki ikilika bati zima ni laivu. Fukieni kebo ya chini ya ardhi, milimita 600 kwenda chini, au 450 ikiwa ndani ya paipu. Na mtaro chimbeni kabla hamjamwaga zege la uani, maana likishamwagwa hapana atakayekubali kulivunja.