Bastola nyepesi, risasi za aina mbili: fundi aiguse au aiache?

Mfanyabiashara wa Kampala mwenye kibali cha bastola huichagua rivolva ndogo (bastola ya silinda inayozunguka, yenye vyumba vya risasi) ya .38, yaani saizi ya risasi yake, kwa sababu moja kubwa: ni nyepesi. Inakaa mfukoni au kiunoni kutwa nzima, na haimlazimu kuvaa koti kwenye jua la saa nane. Taabu huanza kwenye risasi. Za 9 mm ndizo risasi za bastola zilizoenea zaidi duniani, polisi na majeshi mengi yanazitumia, ilhali za .38 Special ni za kutafuta. Ndipo linapozuka swali: kwa nini fundi asiirekebishe hii hii moja ipige zote mbili?

Wanaolibeza swali hili wanakosea. Bastola ya risasi zaidi ya aina moja si ndoto ya mtu wa gereji. Mwaka 1917 Marekani iliingia vitani bila bastola za kutosha za M1911, ikawaagiza Colt na Smith & Wesson watengeneze rivolva zinazopiga risasi zile zile za .45. Risasi hizo hazina ukingo kwenye kitako, kwa hiyo kitoa-maganda cha rivolva hakina pa kushika. Wakabuni vibanio vya chuma vya nusu mwezi vinavyoshika risasi tatu tatu, na kazi ikaenda. Ruger wanauza rivolva yao ya Blackhawk na silinda mbili, moja ya .357 Magnum na nyingine ya 9 mm. Miaka ya 1990 kampuni ya Phillips & Rodgers ilitoa rivolva iitwayo Medusa, iliyopokea aina nyingi za risasi zenye kipenyo kinachokaribiana na 9 mm. Kwa hiyo jambo lenyewe linawezekana. Swali ni linawezekana kwenye chuma gani, na kwa mkono wa nani.

Tuanze na mfano ambao watu wengi huutaja. Rivolva yoyote ya .357 Magnum hupiga pia .38 Special, bila kubadilisha kitu. Kipenyo cha risasi ni kile kile. .38 ndiyo iliyotangulia, mwishoni mwa karne ya 19, na .357 ikatoka mwaka 1935. Ganda la .38 lina urefu wa milimita 29 hivi, la .357 karibu 33. Hizo milimita chache ziliongezwa kwa makusudi, ili risasi kali isiingie kwenye bastola dhaifu ya zamani. Kiwango cha juu cha mgandamizo wa gesi wa .38 ya kawaida inapolipuka ni pauni 17,000 kwa inchi ya mraba, cha .357 ni 35,000. Maana yake, mwenye bastola kali anaweza kushuka, mwenye bastola ya kawaida hawezi kupanda. Fundi anayetoboa vyumba vya silinda ya .38 viwe virefu zaidi anaondoa kizuizi hicho, na chuma kilichobaki ni kile kile cha zamani, kikiwa chembamba zaidi.

Na 9 mm je? Watu huiona fupi wakadhani ni mpole. Kiwango chake cha juu nacho ni 35,000, sawa na cha Magnum. Anayetaka rivolva yake nyepesi ya .38 ile 9 mm anaitaka ibebe mara mbili ya mzigo iliopimiwa kiwandani. Isitoshe, kipenyo cha risasi hizo mbili kinapishana kidogo, kiasi ambacho jicho halioni lakini mtutu unakihisi, na shabaha pia.

Uzito ndio unaoniogopesha zaidi. Smith & Wesson walianza kutoa rivolva za fremu ya alumini mwaka 1952. Baadaye wakachanganya alumini na madini ya skandiamu, wakapata bastola ya .357 yenye uzito wa chini ya gramu 350. Ukiishika moja na kuusoma mtutu wake, utakuta imechorwa kabisa kwamba isipigwe Magnum yenye kichwa cha risasi chepesi kuliko greni 120, karibu gramu 8. Kampuni yenye wahandisi na maabara imeona heri iandike onyo kwenye chuma chenyewe. Bastola nyepesi pia hupiga teke kali, na teke hilo halimwumizi mpigaji peke yake: risasi zilizobaki kwenye silinda hutikiswa, kichwa cha mojawapo huweza kusogea nje ya ganda lake, kikajitokeza mbele na kuzuia silinda isizunguke. Huyo aliyenunua bastola ili ajiokoe usiku getini kwake anabaki ameshika chuma kilichokwama.

Mafundi wetu siwadharau. Nenda Katwe uone vinavyotoka mikononi mwa vijana pale: mageti, mashine za kukoboa, vipuri ambavyo duka linakuambia usubiri vije kutoka Dubai. Lakini geti likipinda unalirudisha. Silinda ikipasuka, vidole na macho havirudishwi. Uingereza, bunduki ikirekebishwa kiasi cha kupungua nguvu, sheria inataka ipimwe upya kwa risasi zenye mgandamizo mkubwa kuliko kawaida kabla ya kuuzwa. Kipimo hicho ndicho fundi wa mtaani anachokosa, hata awe hodari namna gani.

Kuna na upande wa dola. Hapa Uganda, Sheria ya Silaha za Moto ya 1970 haimruhusu raia kuwa na bunduki wala risasi bila cheti. Tarehe 8 Juni 2018 mbunge Ibrahim Abiriga aliuawa kwa risasi wilayani Wakiso, na mwezi huo huo Rais Museveni aliliambia Bunge kwamba bunduki zote nchini zichukuliwe alama za kitaalamu, ili risasi ikiokotwa ijulikane imetoka wapi. Itifaki ya Nairobi ya 2004 ya kudhibiti silaha ndogo, ambayo Uganda ni mwanachama wake, nayo inasisitiza alama na kumbukumbu za silaha. Rivolva ina ugumu wake hapo: haitupi maganda chini, yanabaki kwenye silinda, na mara nyingi mpelelezi huachiwa kichwa cha risasi tu. Bastola iliyobadilishwa kimya kimya inamwongezea ugumu, kwa sababu iliyo kwenye jalada la polisi si ile iliyo mfukoni.

Mmiliki ana jibu lake, nami naliheshimu. Anasema: mimi si muuaji, natafuta bastola moja badala ya mbili. Hilo lina uzito kuliko tunavyokubali. Nyumba yenye bunduki moja ni salama kuliko yenye mbili; moja kuifungia kabatini, moja kuifuatilia wakati wa kuhuisha kibali, moja ya kuogopea mwizi au mtoto. Na mtu wa Arua au Kasese hana anasa ya kuzunguka Kampala akitafuta risasi. Tukimwambia tu "haramu, basi," tunampeleka kwa fundi wa kificho.

Mimi nasimama hapa: rivolva iliyotoka kiwandani ikiwa na uwezo wa risasi mbili, iwe .357 inayoshuka hadi .38 au ile ya silinda mbili, sioni sababu ya kumnyima mtu aliyekwisha kuchunguzwa na kupewa kibali. Cheti kitaje aina zote mbili, silinda ya pili iandikwe namba ya bastola yenyewe, na polisi wapige risasi ya kila aina wanapochukua alama. Rivolva nyepesi ya .38 isiguswe kabisa, hata kwa fundi mwenye leseni, hata kwa mmiliki mwema. Alumini haijui nia ya mtu.

Wanabaki wale ambao bastola zao zimekwisha kutobolewa. Hao wapewe muda wa kuzipeleka kituoni zikaguliwe bila kushtakiwa kwa kosa hilo, kwa sababu hivi sasa mtu wa namna hiyo anaogopa pingu kuliko silinda, na ataendelea kuibeba.