Kabla ya Paulo kulikuwa na Wakipro

Fungua zile ramani zilizo nyuma ya Biblia, utafute ile ya safari ya kwanza ya Paulo. Mstari unatoka Antiokia ya Shamu, unagusa kisiwa cha Kipro (Saiprasi) upande wa mashariki, unachomoza magharibi, kisha unaelekea bara. Wahubiri wengi niliowasikia hupita hapo kwa kasi ya huo mstari: mchawi kapofushwa, liwali kaamini, haya twendeni Perge. Mimi naona tunakiruka kisiwa ambacho, bila watu wake, huenda Paulo asingekuwa na safari ya kuchorewa ramani.

Rudi kwenye Matendo ya Mitume sura ya 11. Stefano ameuawa kwa kupigwa mawe, waumini wametawanyika hadi Foinike, Kipro na Antiokia, nao wanalihubiri neno kwa Wayahudi peke yao. Ndipo watu fulani wa Kipro na Kirene wanapoingia Antiokia na kuanza kusema na Wayunani, watu wasio Wayahudi. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hamtaji hata mmoja kwa jina, wala hasemi kama kuna aliyewatuma. Ni kweli Petro alikwisha kuingia nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, lakini ile ilikuwa nyumba moja. Antiokia ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa kabisa ya dola ya Rumi, na walioamini walikuwa wengi.

Habari zikafika Yerusalemu, kanisa likatuma mtu akaangalie kulikoni. Akatumwa Barnaba, naye Mkipro vilevile: Mlawi, jina lake Yusufu, yule aliyeuza shamba akaiweka fedha miguuni pa mitume. Angetumwa mtu mkali wa torati, sijui mambo yangeishia wapi. Barnaba alipoona yaliyokuwa yakitendeka alifurahi, akafunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli, akaja naye Antiokia. Paulo tunayemjua aliletwa kazini na mtu wa kisiwani.

Kwa hiyo wawili hao walipopanda chombo Seleukia na kuelekea Kipro, Barnaba alikuwa anakwenda kwao. Wayahudi walikuwa wengi kule. Kisiwa kilikuwa na machimbo makubwa ya shaba, na Herode Mkuu, mfalme wa Wayahudi, aliwahi kupewa na Kaisari Augusto nusu ya mapato yake. Ndiyo maana Luka anasema waliuhubiri ujumbe wao katika masinagogi ya Salami, kwa wingi. Kisha wakakikata kisiwa chote hadi Pafo, makao ya liwali Sergio Paulo, karibu na hekalu maarufu la Afrodito. Tukio la Elima, yule mchawi aliyepofushwa, tunalikumbuka sote, jamaa akipapasa gizani akitafuta wa kumshika mkono.

Ila tazama kalamu ya Luka. Walifika kisiwani wakiitwa Barnaba na Sauli. Wanapong'oa nanga Pafo, anaandika Paulo na wenzake. Barnaba amekuwa "wenzake", tena kwenye ardhi aliyozaliwa! Baadaye wakakosana juu ya Marko, Barnaba akamchukua huyo binamu yake wakarudi Kipro, na kuanzia hapo Luka hamfuati tena. Kalamu imekwenda na Paulo, nasi tumekwenda na kalamu.

Kisiwa hakikulala kwa sababu tu hakuna aliyeandika. Mwaka 325 maaskofu wake walikuwepo kwenye mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea, akiwemo Spiridoni, ambaye mapokeo yanasema alikuwa mchunga kondoo. Mwaka 431 walisimama mbele ya Mtaguso wa Efeso wakipinga madai ya Antiokia kwamba yenyewe ndiyo yenye haki ya kuwawekea viongozi. Antiokia, jamani! Mji ambao Wayunani wake walihubiriwa na Wakipro. Mtaguso ukawapa Wakipro haki. Ugomvi ulipozuka upya, enzi ya Kaisari Zeno, askofu mkuu Anthemio alitangaza kwamba ameoneshwa kaburi la Barnaba, na juu ya kifua chake nakala ya Injili ya Mathayo. Naona ushahidi huo ulipatikana wakati mzuri mno, lakini Zeno aliupokea, na mapokeo ya kanisa la Kipro yanasema ndiye aliyempa askofu mkuu ruhusa ya kutia sahihi kwa wino mwekundu kama kaisari. Wanatia hivyo mpaka leo.

Mmoja wa waliotumia wino huo anatuhusu huku kwetu. Askofu Mkuu Makarios wa Tatu, ambaye Waingereza walimpeleka uhamishoni Ushelisheli mwaka 1956 na mwaka 1960 akawa rais wa kwanza wa Kipro, alizuru Kenya mwaka 1971 akabatiza watu kwa maelfu. Chuo cha kuandalia mapadre wa Kiorthodoksi kilichopo Riruta, Nairobi, kina jina lake. Waorthodoksi wa Kenya lakini hawakuanza na Makarios. Walitokana na Wakikuyu walioachana na makanisa ya wamisionari, wakajijengea shule na makanisa yao, wakaenda wenyewe kulitafuta kanisa la kale la Aleksandria, na serikali ya kikoloni ikawafungia milango wakati wa hali ya hatari. Mgeni kutoka Kipro alipofika, kazi ilikuwa imekwisha kuanzwa na watu ambao wengi wetu hatuwajui majina.