Jua Likichafuka, Dodoma Inapoteza Nini?

Kila baada ya muda ujumbe uleule huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: usiku wa leo, kuanzia saa sita na nusu, miale hatari itapita karibu na dunia, kwa hiyo zimeni simu na msilale nazo kitandani. Ni uzushi. Miale ya kosmiki inatufikia usiku na mchana, miaka yote, na kuzima simu hakubadilishi lolote. Kinachonisikitisha ni kwamba kwa Watanzania wengi uzushi huo ndiyo habari pekee wanayoipata kuhusu jambo la kweli, linaloigusa Dodoma kuliko miji mingi duniani: hali ya hewa ya anga za juu, yaani jinsi milipuko na upepo wa jua unavyovuruga sumaku ya dunia na tabaka la juu la angahewa.

Je, nchi ambayo mikoa yake ya kati inahangaika na mvua itenge fedha na wataalamu wa kulifuatilia jua? Wapo wanaosema ndiyo kwa sababu dhaifu, na wapo wanaosema hapana kwa sababu nzito. Naanza na hao wa kwanza.

Hoja yao kubwa ni umeme. Machi 13, 1989 dhoruba ya sumaku iliangusha gridi ya Quebec, Kanada, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani kwa takriban saa 9. Ukisikia hivyo, akili inakimbilia kituo cha kupoza umeme cha Zuzu, Bwawa la Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na treni ya SGR inayoingia Dodoma tangu katikati ya 2024. Lakini Quebec iko kaskazini sana, karibu na eneo ambako mikondo mikali ya umeme hupita angani dhoruba inapopiga, na mwamba wake haupitishi umeme vizuri, hivyo mkondo hukimbilia kwenye nyaya. Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta. Sisemi hatari haipo kabisa, kwani Afrika Kusini iliharibikiwa na transfoma baada ya dhoruba za Oktoba 2003. Hata hivyo, kuomba fedha za utafiti kwa kuwatisha watu kwamba jua litasimamisha treni si haki kwa walipa kodi, na hofu hiyo ikikosa kutimia, utafiti wenyewe utadharauliwa.

Wanaopinga wana mfano mzuri wa karibuni. Mei 10, 2024 dunia ilipigwa na dhoruba kali kuliko zote tangu 2003. Marekani, wakulima wenye matrekta yanayoongozwa na GPS walilazimika kusimamisha upandaji. Siku mbili baadaye, Mei 12, intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Kwa kuangalia tarehe tu ungeweza kulilaumu jua, kumbe nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo za kulinda mawasiliano, wanasema, azipeleke kwenye njia mbadala za nyaya. Nakubaliana nao. Mkulima wa mtama wa Chamwino naye ana haki ya kuuliza kwa nini tununue vipimo vya jua wakati bado anabahatisha siku ya kupanda.

Wanaongeza kwamba tahadhari zipo tayari, tena za bure. Kituo cha Marekani cha utabiri wa hali ya hewa ya anga za juu, kilichoko Boulder, Colorado, hutoa taarifa kila siku. Shirika la anga la Afrika Kusini, SANSA, lina kituo Hermanus kinachofanya kazi saa 24 tangu Novemba 2022. Usafiri wa anga nao una utaratibu wa kimataifa wa tahadhari hizi tangu Novemba 2019. Kwa nini tupike wakati jirani amepakua?

Hapa ndipo hoja yao inapolegea, na sababu ni jiografia. Ikweta ya sumaku haifuati ikweta ya kawaida. Kwa Afrika Mashariki inapita Ethiopia. Mchana, umeme na sumaku vya eneo hilo husukuma elektroni juu, kisha zikateremka pande zote mbili na kurundikana kama nyuzi 15 kaskazini na kusini. Hesabu hiyo, kutoka Ethiopia kuja kusini, inakuleta Dodoma. Juu ya vichwa vyetu pana mojawapo ya marundo makubwa ya elektroni kwenye ionosfia, yaani tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, na mawimbi ya setilaiti yanayopita humo huchelewa. Jua likiwa kwenye kilele cha mzunguko wake wa miaka 11, ucheleweshaji huo alasiri unaweza kuwa sawa na kosa la zaidi ya mita 10 kwa kipokezi cha GPS kisicho na masahihisho. Kisha, baada ya jua kuzama, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba, viputo vyenye elektroni chache huchomoza na kupanda katika tabaka hilo, na kuanzia kama saa mbili usiku mawimbi huanza kutetemeka hadi kipokezi kinapoteza setilaiti.

Jambo ambalo tahadhari ya bure haikuambii ni hili: viputo hivyo hutokea hata siku ambayo sumaku ya dunia imetulia, na dhoruba wakati mwingine huvizuia. Kipimo maarufu cha dhoruba, Kp, kinaweza kusoma shwari huku Dodoma mambo yameharibika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dodoma ni miongoni mwa waliolinganisha vipimo vya GPS vya ukanda huu na makadirio ya modeli ya kimataifa ya ionosfia, na tofauti zilionekana.

Nani anaumia? Mpima ardhi, kwanza kabisa. Tangu serikali ihamie hapa, Dodoma imekuwa mji wa viwanja, bikoni na hati. Upimaji wa kisasa hutumia vipokezi viwili: kimoja kinakaa juu ya alama inayojulikana, kingine mpimaji anatembea nacho, na makosa ya angani hufutika kwa kuwa vyote viwili huona anga ileile. Penye rundo la elektroni, anga ya kilomita chache mbele huweza kuwa tofauti, na makosa hayafutiki yote. Mpimaji anasubiri alasiri nzima mashine itulie, akidhani ni mbovu au ni miti. Asiyekuwa makini anaandika namba zilizopo, na hapo ndipo mbegu ya ugomvi wa mpaka inapopandwa. Ndege zitakazotua katika uwanja wa ndege wa Msalato, Dodoma, kwa kuongozwa na setilaiti zinahitaji taarifa hiyohiyo, hasa jioni.

Lazima niseme upande wa pili wa hili, maana watetezi huuruka: hakuna nchi iliyoweza kutabiri kwa uhakika ni usiku upi viputo vitatokea. Atakayeahidi utabiri kama wa mvua anadanganya. Kinachowezekana ni kupima hali ilivyo sasa na kuitangaza, pamoja na kuwaambia wapimaji ni saa na miezi ipi ya kuepuka. Ni kidogo kuliko wanavyoahidi wataalamu, lakini ni kingi kuliko tulicho nacho.

Ndiyo maana siungi mkono kuanzisha taasisi mpya. Vifaa vya kupimia vilivyotolewa na wafadhili vimewahi kuja Afrika kwa wingi, hasa kuzunguka Mwaka wa Kimataifa wa Heliofizikia (elimu ya jua na athari zake) wa 2007, lakini takwimu zenye mapengo ni tatizo la kawaida katika tafiti za ukanda huu. Kinachohitajika ni vipokezi vya kudumu vinavyotumika kupima ardhi kurekodi pia hali ya ionosfia, Chuo Kikuu cha Dodoma kichakate takwimu hizo, na Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo tayari hutoa taarifa kila siku, iongeze mistari miwili. Kilele cha mzunguko huu wa jua kilitangazwa Oktoba 2024, na kinachofuata kinatarajiwa katikati ya miaka ya 2030. Ugumu uliobaki ni wa ofisini: wizara inayosimamia ardhi, chuo na mamlaka wakubaliane nani analipa umeme, intaneti na fundi wa vipokezi hivyo mradi unapokwisha. Bila hilo kuandikwa, nami ningesema fedha ziende kwenye vipimo vya mvua.