Wanaotunza urithi wetu bure wanataka jina, si medali

Hapa Lubumbashi ukigusia tu kwamba hawa wenye kujitolea kutunza mila na historia ya mji watambulikane, jibu linakuja haraka: "Si bo benyewe njo balijitolea? Sasa banatafuta nini?" Na si jibu la kijinga. Ukianza kugawa kitu, kesho watatokea kumi ambao hawajawahi kuimba hata mstari mmoja wa kasala, zile nyimbo za sifa za Waluba, kwenye kilio, kila mmoja na asosiasyo yake na muhuri wake, na muhuri mu mji huu tunajua unapatikana namna gani. Halafu kuna hofu ingine, hii watu wanaisema kwa sauti ya chini, nani atachagua mila ya nani? Mwaka 1992 na 1993 Wakasai walifukuzwa Katanga hii hii, wengine wakakaa stesheni wakingojea treni, yote juu ya maneno ya mwenyeji na mgeni. Mtu wa kabila moja akipewa cheo cha mlinzi wa urithi, jirani atauliza tu mbona si wa kwetu. Hiyo siibishi.

Lakini kinachoombwa naona hakijaeleweka. Wengi hawaombi mshahara, labda feza ya teksi, wanaomba jina. Angalia lukasa, ule ubao wa kumbukumbu wa Waluba, mdogo wa kushika mkononi, umejaa shanga na michoro ya kuchonga. Waliousoma ni watu wa Mbudye, chama cha Waluba cha kutunza historia, waliofundishwa, kidole kinapita juu ya shanga na habari za wafalme na uhamaji zinatoka, tena si maneno yale yale kila siku, inategemea nani anasoma na nani anasikiliza. Leo mbao hizo ziko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, zimetunzwa vizuri sana, na mara nyingi karatasi ya pembeni ina jina la aliyeukusanya au aliyeutoa, la msomaji hakuna, la mchongaji hakuna.

Februari 2022 Ubelgiji ilimkabidhi waziri mkuu Sama Lukonde, aliyewahi kuongoza Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali hapa kwetu, orodha ya vitu vya Congo vilivyoko Tervuren, makumbusho yao ya Afrika, kama 84,000. Miezi minne baadaye mfalme Philippe akaleta Kinshasa kinyago kimoja, Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho (tunaazimwa kitu chetu, haya). Mimi hiyo 84,000 hainitoki kichwani. Tuseme virudi hata robo, nani atatuambia hiki kilishikwa na nani, kilitolewa na wimbo gani, mwanamke aliruhusiwa kukigusa ao hapana? Karatasi zao zinaweza kusema urefu, aina ya mti, mwaka kilipoingia. Mengine mengi yamebaki kwa wamama na wazee wa komini za hapa mjini, Kenya, Katuba, Ruashi, na kwa vijana wanaowafuata na simu wakirekodi kwa megabaiti zao wenyewe, na mzee mmoja akienda hakuna orodha itakayomrudisha. Na haiko ndoto: kazi ya Mémoires de Lubumbashi, iliyoanzia Unilu, chuo kikuu cha hapa, mwaka 2000, iliwakalisha wakaaji wa kawaida wasimulie mji wao na ikatoka maonyesho kwenye makumbusho ya hapa.

Ndiyo maana medali ya gavana sinayo hamu nayo, medali inatolewa mbele ya kamera na karibu na kamera hakukosekani mtu wa chama. Cheo pia hapana, juu cheo njo kinaleta ile vita ya kabila. Aliyesimulia aandikwe, aliyerekodi aandikwe, nakala moja ibaki makumbusho na ingine Unilu, na hao watu wakija kusikiliza kazi yao wasidaiwe kitu mlangoni. Komini isishike hiyo orodha, muhuri utaanza tena. Na mzee aulizwe kwanza, juu mambo ya Mbudye hayakuwa ya kila sikio na wengine hawatapenda kutajwa. Huyo iandikwe tu mtaa wake na mwaka aliosema, na jina lake aachiwe mwenyewe.