Kopo la unga na safu ya kadi

Ijumaa jioni, huku Nyamugo katika Kadutu, mama mmoja hupita mlango kwa mlango na kopo na daftari. Nyumba hii inatia kiganja cha unga wa muhogo, ile sambaza kavu, samaki wadogo wa ziwani, nyingine noti ya franka 500. Ndiyo kazi ya shirika, kama tunavyoita hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa mmoja. Kesho yake vyote vinapelekwa kwa mgonjwa, kwa mjane, kwa mama aliyetoka kujifungua.

Nililitazama daftari hilo kwa karibu. Lina safu tatu zilizochorwa kwa rula: jina, alichotoa, kadi. Asiye na kadi ya shirika ya mwaka huu haingii katika orodha ya watakaosaidiwa. Safu hiyo ya tatu ndiyo inayotugawanya, na pande zote mbili zinamshika Paulo yuleyule, aliyewaambia Wagalatia wawatendee mema watu wote, hasa ndugu wa imani. Wengine wanasimama kwenye "wote", wengine kwenye "hasa".

Wanaotetea kadi si watu wenye roho ngumu. Unga ule umetoka kwenye masufuria yao wenyewe. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na benki zikafunga milango, wengi wao wanapika mara moja kwa siku. Wakimpa kila anayebisha hodi, kopo litakwisha kabla ya nyumba ya tatu. Tena wanaogopa anayechukua hapa, akachukua kwa Wapentekoste, kisha akarudi wiki ijayo na hadithi nyingine. Maaskofu wa Kongo walipoamua mwaka 1961 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya hai, walitaka watu wanaojuana. Katika mlima huu wa nyumba za mbao zilizobanana, ambako moto wa jiko moja hula mtaa, hakuna ofisi inayojua nani hajapika tangu juzi. Mama wa daftari anajua.

Lakini tazama kinachomkuta baba aliyekosa kazi. Ijumaa ya kwanza hana cha kutia, mkewe anaomba radhi. Ya pili anaomba radhi tena, na jina linaandikwa mbele ya sifuri. Ya tatu mlango umefungwa, watoto wameambiwa wanyamaze mpaka kopo lipite. Baadaye hawaonekani kwenye sala, kadi haifanywi upya, na siku mtoto anapougua hawamo tena katika orodha. Umaskini uliopaswa kuwaletea kopo ndio uliowatoa kwenye daftari. Na hao ni Wakatoliki. Sijamtaja aliyekimbia vita huko Kalehe akapanga chumba jana, wala binti aliyepata mimba akaacha kwaya kwa aibu.

Wako wanaonionyesha Hospitali ya Panzi, iliyo chini ya Wapentekoste wa kanisa la CEPAC, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999: mwanamke anayeletwa pale haulizwi anasali wapi. Ni kweli, na ni fahari ya mji huu. Ila Panzi ina wafadhili ng'ambo, kopo la Nyamugo halina. Kulipima kwa Panzi ni kulionea.

Kwa vijana naona kosa lilelile, la kutazama daftari kuliko mtu. Shule ya msingi ya serikali, pamoja na zile zinazoongozwa na makanisa, ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019. Sekondari bado inalipiwa, kwa hiyo wengi wanaishia hapo katikati. Parokia inawaita Jumamosi, wanaimba, wanafundishwa, idadi inaandikwa. Sidharau hilo. Siku hizi kijana asiye na mtu wa kumwuliza jioni "umeshinda wapi?" anachukuliwa upesi na wenye bunduki. Hata hivyo waliosimama kwa miguu yao, kati ya ninaowajua, walipata mlezi mmoja aliyekaa nao miaka, si semina. Jirani yangu seremala aliwachukua wawili. Mwaka wa kwanza walipiga randa tu na kufagia maranda. Leo mmoja wao ndiye anayepima milango ya wateja. Hakuna daftari la parokia lililoandika hilo, kwa sababu vijana hao Jumamosi walikuwa karakana.

Kwa hiyo mimi singeanza na kuifuta kadi. Ningeanza na safu ya pili. Tusiandike nani ametoa nini. Kopo lifunikwe kitambaa, kila mkono uingie na kutoka, hata ule mtupu, na mke wa yule baba aweze kufungua mlango Ijumaa ya tatu. Akiufungua, mama wa daftari ataona jiko lisilo na majivu, naye ataandika jina bila kuuliza kadi. Nimemweleza hivyo. Amesema atalipeleka kwenye kikao cha shirika, na kwamba kitambaa anacho.