Nani Ameshika Saa ya Mkanda?

Majeruhi wa bodaboda hawakauki Tanga. Barabara ya Segera inatuletea miguu, Ngamiani na Chumbageni wanaleta viganja, na mashine za mkonge nazo hazijaacha kula vidole. Kabla daktari hajachana ngozi, mgonjwa hufungiwa mkanda wa hewa pajani au juu ya kiwiko, ukajazwa upepo mpaka damu ikatike. Bila huo, kuunga kano za kiganja ni kupapasa ndani ya damu. Kwa hiyo siupingi hata kidogo. Ugomvi wangu ni namna tulivyouzoea.

Anza na presha. Uliza thieta (chumba cha upasuaji) yoyote, utaambiwa mkono 250, mguu 300, kwa milimita za zebaki, kwisha maneno. Kijana mwembamba ambaye presha yake haijafika 110 anajaziwa sawa na mvuvi wa Deep Sea mwenye mapaja kama magogo. Njia yenye akili ni kuweka dopla, kifaa cha kusikilizia damu inavyopita, kwenye mshipa, kujaza pole pole hadi mlio ukatike, na kuisoma namba hiyo. Kwa mtu mzima, ikiwa chini ya 130 unaongeza 40. Kati ya 131 na 190 unaongeza 60. Ikizidi hapo, 80. Tena mkanda mpana hukata damu kwa presha ndogo kuliko mwembamba, na mishipa ya fahamu inaponea hapo.

Halafu kuna wanaofunga mpira mtupu, usiojazwa hewa. Daktari wa upasuaji Cushing alianzisha mkanda wa hewa mwaka 1904 kwa kuukimbia mpira wa Esmarch wa 1873, maana ulikuwa ukiacha mikono imepooza. Mpira hauna geji ya kusomea presha. Aliyeukaza hajui amekaza kiasi gani, na mgonjwa amelala, hawezi kumwambia.

Lakini kinachoniudhi kuliko vyote ni saa. Mkanda kukaa umejazwa kwa muda wa saa 2 ndiyo ngazi ya mwisho ambayo wengi wanaikubali, na wapo wanaoshauri saa 1 kwa mkono na saa 1 na nusu kwa mguu. Kila mtu thieta anaijua hesabu hii. Muda wa kujaza umeandikwa ubaoni, mashine inalia, mtu anabonyeza kuinyamazisha, kazi inaendelea. Maoni yangu ni kwamba kabla ya upepo kuingia atajwe mtu mmoja kwa jina lake, na ndiye atakayesema kwa sauti: Dokta, dakika 60. Dokta, dakika 90. "Bado kidogo, sista" lisihesabiwe kuwa jibu. Kama kazi haijaisha, upepo uachiwe, mguu upate damu dakika 10 hadi 15, ndipo ujazwe tena. Na mtu wa usingizi aambiwe kabla ya kuachia, kwa sababu damu iliyokwama huko chini inarudi na asidi na potasiamu, na presha ya mgonjwa inaweza kuporomoka papo hapo.

Dawa ya kuzuia maambukizi nayo iwe imeshaingia mwilini kabla ya kujaza. Ukiichoma baada ya hapo inazunguka kwingine kote isipokuwa pale panapokatwa.

Kitu kingine kidogo, ila nimekiona: pamba chini ya mkanda ikiloa ayodini au spiriti. Juu kumefunikwa shuka za kijani, hakuna anayeona. Ukifungua baada ya saa moja unakuta pete nyekundu imezunguka paja, ngozi ina malengelenge, na mama wa mgonjwa anauliza mwanawe ameungulia wapi ilhali alikuja na goti. Plastiki ya kuziba ukingo wa mkanda kabla ya kupaka dawa ingemaliza hadithi hiyo.

Ndugu wa mgonjwa nao wana sehemu yao. Huku pwani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ni nyingi, na damu ya namna hiyo ikikosa oksijeni chembe zake hupinda na kuziba. Si kwamba mkanda ni haramu kabisa kwake, ila uamuzi ufanywe watu wakijua, si baadaye. Semeni hata msipoulizwa. Semeni pia kama amewahi kuganda damu mguuni, kama ana kisukari cha siku nyingi na nyayo hazihisi. Na anayesafishwa figo, ule mkono uliounganishwa mishipa kwa ajili ya kusafishwa usifungwe mkanda; mwonyesheni muuguzi kabla mgonjwa hajavikwa gauni.